Bunduki ya Dhahabu, Bendera Bila Mlinzi

Mwaka 1982 mchezaji wa Pitfall! kwenye mashine ya Atari 2600 akifikisha pointi 20,000, aliweza kuipiga picha skrini ya televisheni yake, akaitia picha kwenye bahasha na kuituma kwa posta kwa kampuni ya Activision. Jibu lililorudi lilikuwa kipande cha kitambaa chenye nembo, cha kushonea kwenye koti au begi. Hakuna aliyelazimika kutuma chochote. Asiyejali kitambaa aliicheza gemu ileile kama wengine, na aliyekitaka alikitafuta peke yake sebuleni, bila kumkera mtu isipokuwa pengine ndugu yake aliyekuwa akingoja zamu ya televisheni. Kwa zaidi ya miaka ishirini changamoto za hiari zilibaki hivyo, shughuli ya mtu na mashine yake. Mambo yalibadilika zilipohamia kwenye gemu za kurushiana risasi mtandaoni, ambako anayekitafuta kitambaa chake ana wenzake wanaomtegemea, na mbele yake wapo wapinzani ambao nao wamekuja kutafuta vitambaa vyao.

Changamoto ya namna hii ni ya hiari kwa aliyeichukua tu. Kwa wenzake wa timu ni sharti jipya la mechi, sharti ambalo hawakuulizwa na mara nyingi hata hawalioni. Mtu aliyepewa kazi ya kuua maadui kumi kwa kisu hatamweleza yeyote kwa nini anaikimbilia mitutu ya bunduki akiwa na kisu mkononi. Wenzake wataona tu kwamba anakufa kila dakika na ngome inatekwa. Ndiyo maana naona ni kosa kuziita changamoto hizi kikolezo. Ni ubao wa pili wa matokeo, uliotundikwa ndani ya mechi ileile, na mchezaji huufuata ubao unaomlipa. Historia yake kuanzia 2005 hadi 2022 ni ya kampuni zilizoligundua jambo hilo, zikarekebisha, kisha kampuni nyingine ikaja kulisomea upya somo lilelile kwa gharama ya wateja wake.

Mwaka 2005 ulileta vitu viwili karibu kwa pamoja. Juni ilitoka Battlefield 2, kazi ya studio ya DICE ya Sweden, gemu ya hadi watu 64 kwenye ramani moja, yenye vyeo, nishani, beji na silaha zilizofunguliwa kadiri mchezaji alivyopanda cheo. Rekodi hizo zilihesabiwa kwenye seva zilizoidhinishwa tu, na haikuchukua muda wachezaji wakagundua njia ya mkato: marafiki wanakubaliana, mmoja anauawa, tabibu wa upande wake anamfufua, anauawa tena, anafufuliwa tena, na wote wanavuna pointi huku vita halisi vikiendelea upande wa pili wa ramani au visiendelee kabisa. Zilikuwepo pia seva za visu na bastola tu, ambako beji zilipatikana haraka kuliko kawaida. EA, mchapishaji wa gemu hiyo, ilizipiga marufuku seva za aina hiyo kwenye orodha ya zile zinazohesabiwa. Kwa hiyo mwanzoni kabisa tunaona mtindo ambao utajirudia: zawadi inawekwa kando ya ushindi, wachezaji wanaifuata zawadi, kisha mwenye gemu anatunga kanuni ya kuwarudisha kwenye mchezo aliowauzia.

Jambo la pili lilikuja Novemba, pale Microsoft ilipoizindua Xbox 360. Mashine hiyo ilikuwa na mfumo wa mafanikio yenye pointi. Kila gemu kubwa ya diski ilibeba pointi 1,000, na jumla ya pointi zote za mchezaji ilionekana kando ya jina lake popote alipocheza. Nguvu ya mpango huu ni kwamba hesabu ilimfuata mtu kutoka gemu moja hadi nyingine. Mechi inakwisha na matokeo yake yanasahaulika kabla ya chai kupoa, lakini pointi zinabaki. Hapo ubao wa pili ulipata kitu ambacho ubao wa kwanza haukuwahi kuwa nacho, yaani kumbukumbu ya kudumu.

Bungie, watengenezaji wa Halo 3 iliyotoka Septemba 2007, wanaonekana kuing'amua hatari hiyo angalau kwa nusu. Baadhi ya mafanikio ya mtandaoni katika gemu hiyo yalikuwa magumu na ya ajabu: kuua wawili kwa mwale mmoja wa bunduki ya Spartan Laser, au kuua watatu mfululizo kwa upanga. Lakini yaliwekewa sharti kwamba yapatikane kwenye mechi za ushindani ambazo kila mtu anapigana peke yake. Pasipo timu, hakuna wa kuangushwa. Ni wazo la busara kuliko mengi yaliyofuata. Hata hivyo halikuzuia biashara ya mafanikio, liliigeuza tu. Wachezaji waliokutana kwenye mechi hizo walianza kupangana, huyu asimame hapa na yule asogee karibu yake, mwenye upanga apite. Mechi iliyopaswa kuwa ya kila mtu dhidi ya kila mtu ikawa kikao cha watu wanaosaidiana kufa. Sharti la Bungie liliwalinda wenzi wa mwindaji wa mafanikio, lakini halikuweza kuulinda ushindani wenyewe.

Miezi miwili baadaye, Novemba 2007, Infinity Ward walitoa Call of Duty 4: Modern Warfare, na hapo ndipo mtindo tunaoujua leo ulipopata umbo lake. Kila bunduki ilikuwa na changamoto zake, ngazi za idadi ya maadui waliouawa na ngazi za risasi za kichwa, 25, 75, kisha 150. Kila ngazi ya risasi za kichwa ilifungua rangi mpya ya bunduki, na aliyezikamilisha za kundi zima la silaha alipata bunduki moja ya rangi ya dhahabu: kwa kundi la bunduki za mashambulizi ni AK-47. Dhahabu hiyo haikuongeza madhara ya risasi wala kasi ya kukimbia. Iliwaambia wengine kwamba mwenye nayo amefanya kazi.

Itazame kazi hiyo kwa karibu, katika mechi ya Domination. Kuna bendera tatu, A, B na C. Timu inazishikilia na pointi zinajijaza polepole hadi upande mmoja ufikishe 200. Ili kuiteka bendera ya katikati ni lazima mtu asimame juu yake sekunde kadhaa akiwa wazi pande zote. Sasa mweke pale mchezaji ambaye amebakiza risasi 40 za kichwa kukamilisha bunduki yake ya mwisho. Kusimama kwenye bendera hakumpi kichwa hata kimoja. Kukaa kwenye dirisha la ghorofa ya pili, mtutu umeelekezwa kwenye bendera hiyohiyo, kunampa vichwa vingi, kwa sababu adui anayeiteka anasimama pasipo kujificha na mahali pake panajulikana. Hivyo bendera ya timu yake imekuwa chambo. Tena, ikiwa timu yake itaishikilia B kwa nguvu, adui watakuja kwa mafungu na kwa tahadhari. Ikiachwa wazi, watakuja mmoja mmoja na kusimama. Hahitaji kuwa mtu mbaya ili apendelee bendera isilindwe. Inatosha kwamba anajua kuhesabu. Mwisho wa mechi jina lake linaweza kuwa juu kabisa kwenye orodha ya waliouawa mara chache na kuua wengi, huku timu yake ikiwa imeshindwa kwa pointi nyingi, naye asielewe kwa nini wenzake wanamtukana kwenye maiki.

Ushahidi mzito zaidi, kwa maoni yangu, unatoka kwa Valve, kwa kuwa wao walifanya jaribio hilo waziwazi, wakiwa na nia njema kabisa. Team Fortress 2 ina nafasi tisa, na mojawapo ni Medic, tabibu wa timu. Hubeba mashine inayotoa mwale wa tiba; akiwatibu wenzake kwa muda wa kutosha, hupata uwezo wa kumfanya mmoja wao asidhurike kwa sekunde nane, na sekunde hizo nane huvunja ngome ambayo imeshindikana kwa dakika kumi. Timu yenye Medic mzuri ina faida kubwa, lakini wachezaji wengi waliikwepa nafasi hiyo, kwa sababu ni kazi ya kumfuata mtu mgongoni na kufa naye. Tarehe 29 Aprili 2008 Valve walitoa sasisho lililompa Medic mafanikio zaidi ya 30. Ukifikisha idadi fulani, silaha tatu mpya zinafunguka moja baada ya nyingine, na hapakuwa na njia nyingine ya kuzipata.

Kilichotokea kilikuwa kichekesho. Seva zilijaa matabibu. Nafasi iliyokosa watu sasa ilikosa wagonjwa: Medic akimtibu Medic anayemtibu Medic, na hakuna wa kushambulia. Lakini wingi huo ulikuwa sehemu ndogo ya tatizo, na ungepungua wenyewe baada ya wiki chache. Cha kujifunza kimo ndani ya orodha ya mafanikio yenyewe. Mojawapo, Surgical Prep, lilimtaka Medic awe ameshajaza uwezo wake mkuu kabla milango ya mwanzo wa raundi haijafunguliwa. Hilo ndilo jambo ambalo Medic hodari angelifanya hata bila kuambiwa. Changamoto ikawa mwalimu. Jingine, Placebo Effect, lilimtaka aue maadui watano katika uhai mmoja huku uwezo wake ukiwa umejaa na asiutumie. Yaani tabibu akae na silaha kubwa kuliko zote za timu mfukoni, aache wenzake wafe, akapigane yeye kwa sindano. La tatu, First Do No Harm, lilimtaka amalize raundi nzima pasipo kuua mtu hata mmoja na bado aongoze kwa pointi katika timu yake. Orodha moja, siku moja, kampuni moja: changamoto iliyomfanya mchezaji kuwa bora, iliyomfanya kuwa hasara, na iliyomfanya kuwa wa ajabu tu. Hata zawadi ziligongana na kazi. Blutsauger, moja ya silaha tatu zilizofunguliwa, humrudishia Medic uhai kila anapompiga adui, kwa hiyo tabibu aliyevumilia hadi akaipata alipewa sababu ya kuacha kutibu na kuanza kufyatua.

Juni mwaka huohuo ikawa zamu ya Pyro, mwenye bomba la moto, na seva zikawaka. Agosti ikawa zamu ya Heavy. Kila mara wimbi lilikuja na nafasi moja ikajaa kupita kiasi, na kila mara zilitokea ramani zilizotengenezwa na wachezaji wenyewe kwa lengo moja tu, zenye vyumba vidogo ambako watu wa timu pinzani walisaidiana kutimiza orodha bila kusumbuana. Hizo ramani huchekwa, lakini naziona kuwa ushahidi wa adabu. Walioziendea walitambua kwamba kazi yao ingeharibu mechi za wengine, wakajitenga. Tatizo halikuwa wao bali waliobaki.

Valve walikubali kwamba mambo hayaendi. Mei 2009, pamoja na sasisho la Sniper na Spy, walileta mfumo mpya: vitu vitaanguka kwa bahati kwa anayecheza, bila kujali anacheza nini. Kwa mtazamo wa mechi hili lilikuwa suluhisho, kwa maana halimsukumi mtu kuelekea nafasi yoyote. Lakini kama zawadi inafuata muda, watu watatoa muda mtupu. Wachezaji waliziacha gemu zao wazi usiku kucha, wengine wakatumia programu ya nje iliyoidanganya seva kwamba wapo. Septemba mwaka huo Valve waliwanyang'anya watumiaji wa programu hiyo vitu walivyovipata, na wale ambao hawakuitumia wakapewa taji la mwanga la kuvaa kichwani, lililopewa jina la Cheater's Lament. Katika muda usiofika mwaka mmoja na nusu kampuni moja ilikuwa imejaribu kulipia matendo maalumu na kulipia kuwepo tu, na njia zote mbili zikazaa mtu aliye ndani ya seva lakini hayumo kwenye mechi.

Hapa msomaji anayezicheza gemu hizi atakuwa na pingamizi, na la kwanza ni la haki. Wachezaji wabinafsi walikuwepo kabla ya changamoto zote hizi. Tangu gemu zianze kuonyesha uwiano wa kuua na kufa, wapo waliojificha pembeni kuulinda uwiano huo, na bendera zimeachwa bila mlinzi tangu zamani. Kwa nini lawama ziende kwa bunduki ya dhahabu? Jibu langu ni kwamba uwiano wa kuua na kufa unawavuta watu wote upande mmoja, na upande huo unajulikana. Timu inaweza kuuzoea ubinafsi wa namna moja. Changamoto humpa kila mmoja agizo lake la siri. Ni kama timu ya mtaani ambayo beki ameahidiwa jezi kwa kila bao la mguu wa kushoto, kipa analipwa kwa kila pasi ndefu, na nahodha haambiwi lolote kuhusu hayo. Anachoona ni wachezaji wake kumi wanaokimbia uwanja mmoja kila mtu na mechi yake. Ubinafsi wa kawaida hupunguza nguvu ya timu. Maagizo ya siri huondoa hata uwezekano wa kupanga.

Pingamizi la pili husema kwamba asiyezitaka aziache, na anayezifuata anajifurahisha kwa hiari yake. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa kwa watoto wa shule ya awali katika Chuo Kikuu cha Stanford. Watoto hao walikuwa wakipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi waliahidiwa cheti chenye utepe wakichora. Wengine walipewa cheti bila kutarajia. Wengine hawakupewa kitu. Siku kadhaa baadaye, kalamu zilipowekwa tena mezani pasipo ahadi yoyote, wale walioahidiwa cheti walichora kwa takriban nusu ya muda wa wenzao. Cheti kilikuwa cha hiari. Hata hivyo kilibadilisha maana ya kuchora. Mwaka 2010, katika mkutano wa watengenezaji wa gemu huko San Francisco, mtengenezaji Chris Hecker aliuleta utafiti wa aina hiyo mbele ya wenzake na kuuliza kama mafanikio yana madhara. Aliuweka kama swali, na alikuwa sahihi kufanya hivyo, maana mtoto wa miaka minne na mchezaji wa Call of Duty si mtu mmoja. Lakini hoja ya "aziache" inadhani kwamba mtu huja mezani akiwa na matakwa yaliyokamilika, na zawadi inasubiri tu kuchaguliwa au kuachwa. Zawadi iliyotangazwa mapema, inayohesabiwa kwa tarakimu na kuonyeshwa baada ya kila mechi, inashiriki kuyatunga matakwa hayo.

Pingamizi la tatu ndilo ninalolikubali kwa sehemu kubwa. Changamoto humfundisha mtu silaha ambazo asingezigusa, humtoa kwenye bunduki moja aliyoizoea, na zaidi ya yote humpa wa chini sababu ya kubaki. Katika gemu ambayo mwenye mkono mzuri hushinda karibu kila mara, mchezaji mpya anaweza kupoteza mechi nane mfululizo. Akipata risasi tatu za kichwa kati ya ishirini alizoagizwa, jioni yake haikuwa bure. Huo ni wema wa kweli. Surgical Prep ya Medic inaonyesha kwamba inawezekana kuupata bila kuiibia timu. Tatizo ni kwamba orodha zenye vitu vya aina hiyo pekee ni fupi na hazisisimui, na baada ya 2010 kampuni zilianza kuhitaji orodha ndefu zinazobadilika kila wiki.

Hitaji hilo lilikuwa la kibiashara. Halo: Reach ya Septemba 2010 ilileta changamoto za kila siku na za kila wiki, na muda wake ulipoisha ziliondoka. Kabla ya hapo bunduki ya dhahabu ilimsubiri mtu. Sasa zawadi ilikuwa na saa. Fortnite ikaikamilisha hesabu hiyo. Gemu ya bure ya watu 100, iliyoanza kuuza Battle Pass Desemba 2017 na kuongeza changamoto za wiki mapema 2018, ilimuuzia mchezaji ngazi ya zawadi kisha ikamuuliza kila wiki kama amepanda. Kazi nyingi zilikuwa za mahali: fungua makasha ya hazina katika mji uliotajwa, tafuta kitu kilichofichwa pale, cheza dansi hapa. Matokeo yalionekana angani kabla hata risasi hazijaanza. Siku orodha mpya ilipotoka, miavuli ilishuka kwa makundi juu ya mji uleule, watu wakagombea kasha moja kwa shoka la kuvunjia mawe, na sehemu kubwa ya ramani ikabaki tupu. Gemu ambayo uzuri wake wote ni uamuzi wa wapi ushukie ilikuwa imechukua uamuzi huo mikononi mwa mchezaji. Ni haki kuongeza kwamba hapa madhara yalikuwa madogo kuliko ya Team Fortress 2. Wengi walicheza peke yao, na aliyekufa kwenye kasha alianza mechi nyingine mara moja. Tena msongamano ule ulikuwa na raha yake.

Kwenye gemu za timu hali ilikuwa tofauti. Katika Destiny, pia ya Bungie, iliyotoka 2014, kazi ya kuipata bastola ya Thorn ilimtaka mchezaji awaue wachezaji wapinzani kwa nguvu iitwayo Void, na kila alipokufa yeye hesabu yake ilirudi nyuma. Kuna njia ngapi za kucheza mtu akijua kwamba kufa kunafuta kazi ya jana? Kuna moja: kaa nyuma, acha wenzako watangulie. Modern Warfare ya 2019 ilikwenda kwenye wingi. Kila bunduki ilikuwa na makundi kumi ya changamoto, kila kundi hatua kumi, na zote mia zilihitajika kabla ya dhahabu: risasi za mbali, kuua ukiwa umeegemeza bunduki ukutani, na nyinginezo. Wachezaji hawakubadilisha tu namna ya kupigana, walibadilisha mahali. Ramani ya Shipment, kiuwanja cha makontena ambacho mtu hukivuka kwa sekunde chache, ilirudi Desemba 2019 na ikageuka kuwa kiwanda cha rangi za bunduki. Humo mechi za kushikilia eneo zilichezwa na watu ambao eneo halikuwahusu, kwa sababu mechi ndefu yenye pande zilizokaribiana ndiyo iliyotoa vichwa vingi. Walipofika kwenye risasi za mbali, Shipment haikuwa na umbali huo. Wakahamia ramani kubwa kwa mkupuo na kulala chini na darubini zao. Infinity Ward waliliona hilo na kuwapa watu orodha za mechi za ramani ndogo peke yake. Nadhani walifanya vema, kwa sababu ileile inayonifanya niziheshimu ramani za vyumba vya Team Fortress 2: anayewinda rangi apate pori lake.

Riot Games walichukua njia nyingine katika Valorant, iliyotoka Juni 2020. Gemu hiyo ni ya watano kwa watano, kosa la mmoja hugharimu raundi, na misheni zake za mwanzo ziliomba mambo ambayo raundi yenyewe inayahitaji: tumia uwezo wa mhusika wako, nunua vifaa, tega bomu au litegue. Mtu anaweza kuzikamilisha bila kujua kwamba anazo. Wapo wanaozilaumu kwa kuchosha. Zinachosha kweli, lakini sioni namna ambayo misheni ya kusisimua katika gemu ya aina hiyo isingelipwa na wale wanne wengine.

Baada ya ushahidi wote huo, ungetegemea kwamba Halo, yenye historia ndefu kuliko nyingi, ingeingia 2021 ikiwa imejifunza. Sehemu ya mtandaoni ya Halo Infinite, iliyotengenezwa na 343 Industries, ilifunguliwa kwa wote bure tarehe 15 Novemba 2021. Ngazi ya zawadi ilikuwa na hatua 100, na njia pekee ya kupanda kwa kucheza ilikuwa kutimiza changamoto. Kushinda mechi kwenyewe hakukulipa kitu. Kucheza vizuri hakukulipa kitu. Baadhi ya changamoto zilitaja aina ya mechi, kwa mfano kushinda Oddball au kuiba bendera, lakini orodha ya Quick Play haikumruhusu mchezaji kuchagua aina: alibonyeza kitufe na kupangiwa yoyote. Fikiria basi mtu anayehitaji Oddball. Mechi inapakia, inatokea aina nyingine, Slayer. Kukaa dakika kumi na kushinda hakumsogezi hatua. Anatoka. Wenzake watatu wanabaki dhidi ya wanne, nao wamekuja na orodha zao. Na kwa asiyetaka kutoka, zilikuwepo kadi za kubadilishia changamoto, ambazo pia ziliuzwa. Sidhani mtu alikaa mezani na kupanga kwamba wachezaji wakimbie mechi ili kadi zinunuliwe. Lakini mfumo unaouza dawa ya usumbufu wake mwenyewe haupati haraka sababu ya kuuondoa usumbufu huo.

Malalamiko yalikuja ndani ya siku chache. Studio iliongeza changamoto ya kucheza mechi moja tu, yenye pointi 50, kisha ikaongeza malipo ya mechi za kwanza za siku. Tarehe 14 Desemba ikafungua orodha ya Slayer peke yake na kuziondoa changamoto zilizofungwa kwenye aina maalumu ya mechi. Zilikuwa nafuu, na zilitolewa haraka, jambo la kupongezwa. Hata hivyo mzizi ulibaki palepale: kushinda au kushindwa mechi bado hakukuwa na thamani kwenye ngazi. Hilo lilirekebishwa kwa sasisho la tarehe 8 Novemba 2022, karibu mwaka mzima baada ya uzinduzi, pale Halo Infinite ilipoanza kumpa mchezaji pointi kwa kuicheza mechi hadi mwisho, na zaidi akifanya vizuri. Halo: Reach ilikuwa ikilipa hivyo tangu Septemba 2010.